Kuzalisha kaktasi za nguzo nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ambayo wapenda maua huulizana kila wanapokutana kwenye vitalu vya barabarani, au mtu anapobeba kipande kutoka kwa jirani. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi hali za pekee, na swali lililojibiwa kwingine limeelekezwa kwa namba. Jambo moja litajitokeza tena na tena, kwa sababu ndilo linaloua vipande vingi: kipande cha kaktasi hakifi kwa kiu, hufa kwa maji yaliyokuja mapema.

## Kabla ya kushika kisu

1. Kaktasi ya nguzo ni ipi hasa?

Ni kaktasi ambayo shina lake huenda juu likiwa na mbavu zilizosimama, na juu ya kila ubavu kuna mstari wa vidoa vyenye manyoya mafupi. Vidoa hivyo huitwa areoli, na ndimo hutoka miiba, maua na matawi mapya. Kumbuka areoli, maana karibu kila kitu kwenye uzalishaji kinazitegemea.

Zinazoonekana zaidi kwenye nyua zetu ni za jenasi ya Cereus, hasa Cereus repandus na Cereus hildmannianus, ambazo zikiachwa hupita paa la nyumba. Vitaluni utakuta pia San Pedro kutoka milima ya Andes, Pilosocereus ya rangi ya buluu kutoka Brazili, na mbili za Meksiko: Myrtillocactus geometrizans na Pachycereus marginatus. Hii ya mwisho Wameksiko huipanda kwa vipande vilivyobanana mpaka vikawa ua wa nyumba. Nyumba ya wachoraji Diego Rivera na Frida Kahlo huko San Ángel, jijini Mexico, imezungushiwa ua wa namna hiyo.

2. Uani kwangu kuna mti wa miiba uliosimama kama kaktasi, lakini ukiukata unatoa maziwa. Maelezo haya yanaufaa?

Huo si kaktasi. Ni Euphorbia, ndugu wa mnyaa tunaopanda kwenye mipaka ya mashamba. Miti mikubwa yenye mikono mingi iliyosimama porini, kama ile ya msitu wa Euphorbia candelabrum ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ni ya jamii hii. Kaktasi zote asili yake ni Amerika, isipokuwa Rhipsalis baccifera pekee ambayo huota yenyewe Afrika pia, nayo haina umbo la nguzo: huning'inia kwenye matawi ya miti.

Kuzitofautisha ni rahisi. Miiba ya kaktasi hutoka kwa fungu kutoka areoli moja. Ya Euphorbia kwa kawaida hukaa miwili miwili kama pembe. Kaktasi ya nguzo ukiikata hutoa maji au ute. Euphorbia hutoa maziwa meupe papo hapo.

Maziwa hayo ni hatari. Huunguza ngozi, na yakiingia jichoni huleta maumivu makali na yanaweza kuondoa uwezo wa kuona kwa muda au hata kuharibu jicho. Ukitaka kuzalisha Euphorbia, vaa glavu na miwani, weka watoto mbali, suuza kidonda kwa maji mpaka maziwa yaache kutoka, kisha ndipo ufuate hatua za kukausha zilizo hapa chini. Yakikuingia jichoni, osha kwa maji mengi bila kukoma na uende hospitali siku hiyo hiyo.

3. Nianze na kipande au mbegu?

Kipande. Kipande cha Cereus cha sentimita 30 kikishika mizizi kinaendelea kukua palepale kilipoishia, na baada ya mwaka unao mmea wa kuonyesha wageni. Mche wa mbegu mwaka huohuo utakuwa haujapita kidole chako. Mbegu zina raha yake na faida yake, hasa kama unataka matunda (swali la 18), lakini mtu aanze kuzijaribu akiwa tayari na nguzo moja inayomtuliza moyo.

4. Msimu gani unafaa kukata?

Msimu wa joto na ukavu. Kwa maeneo mengi ya Kenya na Tanzania, Januari na Februari ni miezi mizuri, ilimradi kidonda kiwe kimekwisha kufunga kabla masika haijafika Machi. Septemba hufaa vilevile. Nyanda za juu kama Mbeya, Njombe, Limuru au Nakuru, Juni hadi Agosti ni baridi na mmea hulala; ukikata wakati huo hautakufa, ila utasubiri mizizi muda mrefu mno.

Kukata katikati ya masika ni kujitafutia kuoza. Isipokuwa nguzo imeanguka au imeanza kuoza yenyewe; hapo huchagui msimu, unaokoa unachoweza, na kukausha kunafanyika ndani ya nyumba.

## Kukata

5. Nikate wapi, na kipande kiwe na urefu gani?

Sentimita 20 hadi 40 ni urefu mzuri. Kifupi sana kina akiba ndogo ya maji, kirefu sana huangushwa na upepo kabla hakijashika. Kama shina lina sehemu iliyobanwa, yaani lilipunguza unene na kuongezeka tena, kata hapo: kidonda kinakuwa kidogo.

Kisu kiwe kikali, kirefu kuliko upana wa shina, na kifutwe kwa spiriti kabla ya kila mmea. Kata kwa mvuto mmoja ulionyooka. Shina nene la zamani lina mti ndani, hapo tumia msumeno, kisha lainisha uso wa kidonda kwa kisu. Halafu chonga kingo za chini za mbavu kuzunguka kipande, kwa mshazari, kama unavyochonga penseli. Nyama ya kaktasi hunywea ikikauka lakini ngozi hainywei, kwa hiyo bila kuchonga kingo uso wa chini hujikunja kwenda ndani, na duara la katikati, ambalo ndilo linalotoa mizizi, linabaki limening'inia juu ya udongo.

Jambo la mwisho kabla hujakiweka chini: chora mshale mdogo kwa kalamu ya wino kuonyesha upande wa juu. Usipochora, soma swali la 24.

6. Nishikeje bila kuchomwa?

Zungushia magazeti yaliyokunjwa mara nyingi, kipande cha zulia kuukuu, au sponji ya godoro. Glavu za jikoni hazisaidii. Nguzo ndefu ikatwe na watu wawili, mmoja akishika juu. Shina la mita moja na nusu ni zito kuliko linavyoonekana, na likianguka huvunjika na kumjeruhi aliye chini.

7. Shina lililobaki litakufa?

Hapana, na hapa ndipo penye baraka. Lina mizizi tayari, kwa hiyo areoli za karibu na kidonda zitachipua, mara nyingi machipukizi mawili matatu au zaidi. Hayo yakifika urefu wa kutosha unayakata tena, na shina moja linakuwa kitalu chako kwa miaka.

Sharti ni kwamba kidonda cha juu kikatwe kwa mshazari ili mvua iteremke, kwa sababu kidonda kilicho bapa hushika maji. Funika kwa bati au kigae mpaka kikauke.

8. Nina shina moja refu. Naweza kupata miche mingi kwa mara moja?

Ndiyo, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kulikata vipande vya sentimita 20 au zaidi, kila kimoja kikaushwe pande zote mbili na kupandwa kimesimama. Cha ncha kitaendelea kukua kwenda juu. Vya katikati havina ncha, kwa hiyo vitatoa matawi ubavuni, na mmea utakuwa na umbo la kinara cha mishumaa. Wengine hulipenda umbo hilo, wengine hawalitaki. Amua kabla ya kukata.

Ya pili ni kulaza gogo zima. Likishakauka pande zote, unalilaza juu ya udongo mkavu wa kokoto, limezama robo au theluthi tu ya unene wake. Upande wa chini hutoa mizizi, upande wa juu areoli hutoa machipukizi mfululizo. San Pedro na jamaa zake hukubali sana njia hii. Ni ya polepole, lakini kwa mtu mwenye uwanja hakuna inayotoa miche mingi kwa jasho dogo kuliko hii.

## Kukausha kidonda

9. Kwa nini nisipande leo leo? Muhogo nakata na kupanda siku hiyohiyo.

Pingili ya muhogo ni mti. Kipande cha kaktasi ni nyama iliyojaa maji, na ukikizika kikiwa kibichi unawapa ukungu na bakteria wa udongoni mlango ulio wazi. Ndani ya siku chache chini kunakuwa uji, wakati juu bado kuna rangi ya kijani nzuri, nawe unaendelea kumwagia maji ukidhani kimekubali.

Kikiachwa hewani, kidonda hufunga tabaka gumu mfano wa kizibo cha chupa. Hicho kigaga ndicho kinga. Na kusubiri hakukiumizi kipande hata kidogo: kaktasi hufunga vinyweleo vyake mchana na kuvifungua usiku hewa ikiwa imepoa, hivyo hupoteza maji machache sana. Akiba iliyo ndani inatosha kukiweka hai kwa miezi.

10. Nikaushe siku ngapi?

Inategemea unene na hewa ya unapoishi. Kipande chembamba cha sentimita 2 au 3 huchukua wiki moja hadi siku kumi. Cha sentimita 8 hadi 10 kinahitaji wiki tatu au nne. Gogo nene la msingi wa shina, wiki sita na zaidi. Dodoma au Garissa, ambako hewa ni kavu, mambo huenda haraka. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hewa ina unyevu mwingi, ongeza wiki moja au mbili na uweke mahali penye upepo; feni ya kawaida husaidia sana.

Usihesabu siku tu, gusa. Uso wa kidonda uwe mgumu, mkavu, rangi ya majani makavu, na ukibonyeza kwa kidole usibonyee. Kukiwa na doa bichi katikati, bado.

Kisimamishe kipande wakati wote huo, kwa mfano ndani ya ndoo tupu au kikiegemea ukuta, mahali penye kivuli na mwanga. Kikilazwa wiki nyingi huanza kupinda ncha kutafuta juu, na mizizi huweza kutoka ubavuni.

11. Nipake nini kwenye kidonda: majivu, mdalasini, asali, homoni ya mizizi?

Hewa kavu inatosha. Unga wa salfa unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni msaada wa kweli dhidi ya ukungu, hasa pwani. Majivu ya mkaa yaliyopoa na mdalasini hukausha uso na hayana madhara yakiwa kidogo. Asali na jeli ya mshubiri siwezi kuzipendekeza hapa: zinaacha kidonda na unyevu, nasi tunataka kinyume chake. Homoni huweza kuongeza kasi kidogo kwa aina ngumu, lakini Cereus na San Pedro hazihitaji.

12. Kipande kimekaa stoo miezi kadhaa. Bado ni hai?

Kama ni kigumu, kijani na hakinuki, ni hai. Kitakuwa kimenywea na pengine kimeanza kutoa vijizizi vyenyewe bila udongo wala tone la maji, jambo ambalo huwashangaza wengi. Kipande hicho kimejitayarisha kuliko cha wiki mbili. Kiweke udongoni.

## Udongo na chungu

13. Nitumie udongo gani?

Udongo ambao ukiumwagia maji yanapita mara moja na kutokea chini. Kwa kuotesha, sehemu tatu za mawe na mchanga kwa sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa ni kipimo salama. Kwa upande wa mawe tumia mchanga mkubwa wa mto, kokoto ndogo, au vijiwe vyepesi vya volkano vinavyopatikana maeneo kama Arusha na Naivasha. Hivi vya volkano ndivyo bora, kwa kuwa vina matundu ya hewa na havigandi. Matofali ya kuchoma yaliyopondwa hufaa pia. Chekecha utoe vumbi, maana vumbi huziba.

Udongo mweusi wa mfinyanzi uache, hata ukiwa na rutuba. Samadi mbichi iache kabisa.

Watu wa pwani wana shida yao ya pekee. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na una vipande vya makombe na matumbawe vyenye chokaa. Kuuosha hutoa chumvi lakini chokaa inabaki, na kaktasi nyingi hupenda udongo wenye asidi kidogo. Kwenye chokaa hushindwa kuchukua madini ya chuma, ncha mpya zinakuwa za manjano na ukuaji unasimama. Ukiona njano hiyo Zanzibar au Lamu, usikimbilie mbolea, badilisha udongo. Agiza mchanga wa mto wa bara. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na miaka ya kusubiri.

14. Chungu cha ukubwa gani, na kipande kizame kiasi gani?

Upana uzidi kipande kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Chungu kikubwa hushika maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa. Cha udongo uliochomwa ni bora kwa sababu kinapumua. Ndoo, kopo au kiriba vinafaa vikitobolewa matundu mengi chini.

Zamisha kipande kidogo iwezekanavyo: sentimita 5 hadi 8 kwa kipande cha sentimita 30. Watu huzika nusu ili kisianguke, na nusu hiyo ndiyo inayooza. Kama hakisimami, weka vijiti vitatu vya mianzi kukizunguka, ukifunge kwa kitambaa laini.

## Maji, jua na mizizi

15. Lini nianze kumwagia maji, na nitajuaje mizizi imetoka?

Panda kwenye udongo mkavu, au wenye unyevu wa mbali tu, na usimwagie chochote kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo lowesha kidogo pembeni mwa chungu, acha kikauke kabisa, rudia baada ya siku kumi hivi. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30, Cereus na San Pedro hutoa mizizi kati ya wiki tatu na nane. Pilosocereus huchelewa zaidi.

Kukagua, shika kipande kwa gazeti ukivute taratibu kwenda juu. Kikikataa kutoka, kimeshika. Usikichomoe kuangalia, vijizizi vipya hukatika kwa kuguswa tu. Dalili ya furaha zaidi huonekana juu: ncha inapata kijani kibichi na miiba mipya yenye rangi kali. Ukiona hivyo, anza kumwagia kwa ukamilifu, maji yatokee chini, kisha usubiri udongo ukauke wote kabla ya kurudia.

Kunywea wakati wa kusubiri ni kawaida. Usikionee huruma.

16. Nikiweke juani?

Mpaka kishike mizizi, kivuli chenye mwanga mwingi: chini ya mti wa majani machache, au baraza inayopata jua la asubuhi. Baadaye kizoeze kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Kaktasi iliyokuzwa kivulini ikitolewa ghafla kwenye jua la mchana huungua, na alama ya kahawia iliyopauka haitoki tena maisha yake yote.

Kwetu karibu na ikweta kuna jambo ambalo maelezo ya nchi za kaskazini hayalisemi. Jua letu la mchana hupita kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, kwa hiyo upande uliozoea kivuli Juni unaweza kupata jua kali Desemba. Zungusha chungu robo duara kila baada ya wiki kadhaa, ngozi ikomae pande zote.

17. Mbolea?

Hakuna kabla ya mizizi. Ikishashika na kukua, mbolea ya maji yenye naitrojeni kidogo, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi wakati wa joto. Yatosha.

## Mbegu

18. Kaktasi yangu inatoa maua makubwa meupe usiku lakini haizai. Kwa nini?

Maua ya Cereus hufunguka giza linapoingia na kusinyaa asubuhi. Huko kwao huchavushwa na nondo na popo. Lakini sababu kubwa kwa kawaida ni nyingine: kaktasi nyingi za nguzo haziwezi kujichavusha zenyewe, na vipande vyote vilivyotoka kwa mama mmoja ni mmea uleule. Mtaa mzima ukiwa umegawana vipande vya jirani mmoja, hata ziwe nguzo hamsini, chavua ya moja haisaidii nyingine.

Dawa ni kutafuta kipande kutoka ukoo mwingine, mji mwingine ikibidi. Zikichanua usiku mmoja, chukua chavua kwa brashi laini na uipake kwenye ncha ya katikati ya ua la pili, ile inayopokea chavua. Tunda la Cereus repandus halina miiba, lina nyama nyeupe tamu na mbegu nyeusi ndogo, na huliwa. Huko Israeli hulimwa kwa biashara.

19. Mbegu napandaje?

Osha mbegu mpaka nyama yote itoke, kausha kivulini. Chukua bakuli la plastiki la chakula lenye kifuniko cha kuona ndani, toboa chini, jaza udongo wa swali la 13 uliochekechwa vizuri na kupitishwa kwenye mvuke wa maji yanayochemka ili kuua ukungu. Ukishapoa, tawanya mbegu juu. Usizifukie; zinahitaji mwanga kuota. Lowesha kwa kukalisha bakuli ndani ya maji, funika, weka mahali penye mwanga pasipo jua la moja kwa moja.

Kwenye nyuzi 25 hadi 30, Cereus huota ndani ya wiki moja hadi tatu. Acha imefunikwa wiki kadhaa, halafu anza kuinua kifuniko kidogo kidogo mpaka miche izoee hewa. Hapa kanuni ya ukavu inageuka: mche mchanga hana akiba, asikauke kabisa katika miezi yake ya kwanza. Kuhamisha kunaweza kungoja hadi umri wa mwaka mmoja.

20. Miche imekuwa myekundu. Mingine imelala chini.

Wekundu ni jua kupita kiasi. Sogeza kivulini utarudi kijani. Hata saguaro, jitu la jangwa la Sonora, huanza maisha chini ya kivuli cha mti mwingine. Miche mirefu, myembamba na iliyopauka inataka mwanga zaidi. Iliyolala ikiwa na kiuno cha maji imeshikwa na ukungu: itoe mara moja, nyunyiza dawa ya ukungu, na ufungue kifuniko hewa ipite.

## Mambo yanapokwenda vibaya

21. Kipande kinaoza chini. Kinaokoka?

Mara nyingi ndiyo, ukiwahi. Kitoe, kata juu ya palipooza, kisha tazama uso wa mkato. Nyama yenye afya ni nyeupe au kijani hafifu kote. Doa lolote la kahawia, chungwa au jekundu, hasa kwenye duara la katikati, ni ugonjwa unaopanda na mishipa. Futa kisu kwa spiriti, kata tena sentimita mbili tatu juu, futa tena, endelea mpaka pawe safi kabisa. Usibakize doa dogo kwa kuhurumia urefu. Hilo dogo ndilo litakalorudi.

Kausha upya kwa muda ulioongezwa (swali la 10), na udongo wa zamani usiutumie kwa kaktasi nyingine.

22. Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye areoli.

Ni wadudu waitwao vidung'ata. Wasugue kwa pamba au brashi ya meno yenye spiriti, rudia kila wiki mpaka waishe, na utenge mmea. Kabla ya kukata kipande kagua kwanza, kwa kuwa utawahamishia kwenye kitalu kizima. Wapo pia wa mizizini, wanaacha unga mweupe chunguni. Hao tiba yake ni kuosha mizizi yote, kuikausha na kubadilisha udongo.

23. Ncha imekuwa nyembamba kama kidole wakati shina ni nene.

Ilikosa mwanga. Sehemu hiyo hainenepi tena. Ukiihamishia penye mwanga, ukuaji mpya utakuwa mnene juu ya shingo nyembamba, nayo itavunjika siku ya upepo. Afadhali ikate hapo penye unene. Ncha unaweza kuiotesha.

## Hali za pekee

24. Nimechanganya juu na chini. Kikipandwa kichwa chini kitaota?

Kinaweza kutoa machipukizi yatakayopinda kutafuta juu, lakini mizizi huchelewa na mara nyingi kipande hudhoofika. Kwa San Pedro na jamaa zake angalia areoli kwa karibu: juu ya kila moja kuna mkunjo wa umbo la herufi V, kama nyusi juu ya jicho. Nyusi zikiwa juu, kipande kimesimama sawa.

25. Kipande cha saguaro au cha ile yenye nywele nyeupe nacho huota?

Kwa shida sana. Mikono ya saguaro iliyokatwa kwa kawaida haishiki mizizi. Mmea huu huzaliwa kwa mbegu na unataka subira, kwani porini akiwa na miaka kumi anaweza kuwa hajapita sentimita 4, na mkono wa kwanza hutoka akiwa na miaka 50 hadi 75 au zaidi. Cephalocereus senilis, ile ya nywele nyeupe kutoka Hidalgo, Meksiko, nayo ni ya mbegu. Muuzaji akikuahidi kipande chake kitashika upesi, mwombe akuonyeshe mizizi.

26. Nina ile iliyojikunja kama shungi la jogoo. Nitaizalishaje?

Kwa kipande tu, au kwa kubebesha, yaani kuiunganisha juu ya shina la kaktasi nyingine (swali la 27), kwa sababu mbegu zake hutoa miche ya kawaida karibu yote. Kidonda chake huwa kirefu, kausha muda mrefu zaidi. Likitokea tawi lililonyooka, likate mapema. Lina nguvu na litaimeza sehemu iliyojikunja.

27. Kubebesha kaktasi ni vigumu?

Ni rahisi kuliko kubebesha mwembe. San Pedro na Myrtillocactus ndizo zinazotumika sana kuwa shina la chini. Kata zote mbili kwa wembe safi, kingo za shina la chini zichongwe, kisha zikutanishe kabla hazijakauka. Siri iko kwenye yale maduara ya mishipa: lazima yakatane mahali fulani, hivyo kama hayalingani ukubwa usiyaweke katikati kwa katikati, sogeza moja pembeni. Bana kwa mipira ya kufungia, weka kivulini, usiloweshe kidonda. Wiki moja hadi mbili unafungua.

28. Niko Muscat, dada yangu yuko Ujerumani. Kalenda yetu ni ipi?

Ghuba: kata kati ya Oktoba na Machi. Joto la kiangazi linalopita nyuzi 40 huivisha kipande kisicho na mizizi, hata kivulini. Ujerumani na nchi kama hizo: kata Mei hadi Julai. Kilichokatwa vuli kikaushwe na kusubiri hadi majira ya machipuko, kama cha swali la 12. Majira ya baridi mimea yenye mizizi ikae dirishani penye mwanga, bila maji, kwenye nyuzi 8 hadi 12.

29. Naweza kusafiri na kipande kuvuka mpaka?

Si bila karatasi. Karibu kaktasi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, nyingi katika Kiambatisho cha 2, na Euphorbia zenye mashina manene pia. Kwa kawaida utahitaji kibali cha CITES na cheti cha afya ya mimea. Cheti hicho hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Uliza kabla ya kukata tiketi. Na usinunue kaktasi iliyong'olewa porini, hata ikiwa nzuri namna gani.

30. Vipande vya ziada nitupe wapi?

Usitupe kwenye korongo, kando ya mto wala nyuma ya ua. Kila kitu kilichoelezwa hapa kinachofanya kaktasi iwe rahisi kuzalisha ndicho kinachoifanya iote pale usipotaka. Laikipia, mpungate wa Opuntia stricta umefunika malisho ya wafugaji, na miiba yake midogo huumiza midomo na matumbo ya mifugo inayokula matunda yake. Afrika Kusini, nguzo ya Cereus jamacaru ni magugu yaliyopigwa marufuku kuuzwa na kupandwa.

Kipande usichokitaka kikatekate vidogo, ukianike juu ya saruji mpaka kiwe kikavu kama kuni, halafu uchome au uzike kina kirefu. Kizima mpe jirani, kikiwa kimekwisha kufunga kigaga, na umwambie asimwagie maji kwa wiki mbili.